Mtoto wa Up All Night hakupewa muda wa kukua

Chumba nilichokuwa nakamulia maziwa kazini ni stoo. Kitasa chake hakifungi, kwa hiyo kila mara nilivuta kiti na kukiegemeza mlangoni. Rimu za karatasi upande huu, meza zilizovunjika miguu upande ule, joto la saa saba mchana katikati. Nilikaa pale na pampu ya mkono, simu nimeilaza juu ya boksi, spika za masikioni nimezivaa, nikiangalia kipindi cha vichekesho cha Kimarekani ambacho mfanyakazi mwenzangu alinirushia. Alisema tu, "Angalia hiki, utajiona."

Siku hiyo pampu ilikuwa haitoi kitu. Mwili umechoka, mawazo yako kwenye ripoti niliyoiacha mezani. Halafu mtoto wa kwenye simu akalia.

Maziwa yakaanza kutoka yenyewe.

Wamama wanaonyonyesha wataelewa bila maelezo. Mwili hauulizi huyo anayelia ni wa nani, wala yuko bara gani, wala alilia mwaka gani. Niliangalia chupa ikijaa, nikamwangalia yule mama wa kwenye kioo akihangaika na mwanawe, na tangu siku ile kipindi hicho hakijanitoka kichwani. Nilikimaliza haraka kuliko nilivyotaka, kwa sababu kilikatwa. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikijiuliza kwa nini kilikatwa, na kwa nini swali hilo linanigusa kana kwamba ni jambo la ukoo wetu.

## Kiliandikwa na waliokuwa wanakesha

Kinaitwa Up All Night. Kilianza kuonyeshwa na kituo cha NBC tarehe 14 Septemba 2011. Reagan na Chris Brinkley ni mke na mume waliozoea kula raha na marafiki, kunywa, kurudi nyumbani alfajiri. Wanapata binti, Amy. Mama anarudi kazini. Baba, ambaye ni mwanasheria, anaacha kazi abaki na mtoto.

Aliyekibuni ni Emily Spivey, mwandishi aliyekaa miaka mingi kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live. Ile ni kazi ambayo waandishi wake hukesha usiku wa Jumanne wakiandika, na Jumamosi usiku kipindi kinarushwa moja kwa moja. Spivey alijifungua mtoto wa kiume na kurudi kwenye ratiba hiyohiyo, na humo ndimo wazo la Up All Night lilimozaliwa. Christina Applegate, aliyeigiza Reagan, alijifungua Januari 2011, miezi michache tu kabla kipindi hakijafika hewani. Will Arnett, aliyeigiza Chris, alikuwa na watoto wawili wadogo. Maya Rudolph, aliyeigiza Ava, bosi na rafiki wa Reagan, alipata mtoto wake wa tatu Julai mwaka huohuo.

Naamini hilo linaonekana. Kuna uchovu wa kuigiza, mtu anapiga miayo na kusugua macho, na kuna uchovu mwingine ambao mtu anaongea polepole kwa sababu anaitafuta sentensi. Applegate ana huo wa pili. Katika sehemu ya kwanza wanandoa hawa wanajaribu kuadhimisha siku ya ndoa yao kama zamani, wanatoka, wanakunywa, wanarudi usiku wa manane. Mtoto anaamka alfajiri kama kawaida yake. Hakuna kubwa linalotokea hapo. Hakuna anayeugua, hakuna anayefumaniwa. Ni watu wawili wanaogundua kwamba asubuhi haiwasubiri tena.

Niliirudia sehemu hiyo. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, na alipoiona alicheka kidogo halafu akanyamaza. Akasema, "Hawa hawagombani." Ilimshangaza kama ilivyonishangaza mimi. Vichekesho vingi vya ndoa tulivyokua navyo, vya kwetu na vya kwao, vimejengwa juu ya mke mkali na mume mjanja. Hawa wawili wako upande mmoja. Wanamwangalia mtoto wao amelala, na uzuri wake unawashinda hadi wanatamka matusi ambayo kituo kinalazimika kuyafunika kwa mlio.

## Baba aliyebaki nyumbani

Nilipofika katikati ya msimu wa kwanza nilianza kuona kitu ambacho sikukitegemea. Chris hadhihakiwi.

Anakosea, ndiyo. Anachanganyikiwa, anatafuta marafiki wa kuongea nao mchana, anataka mtu amwambie kwamba kazi yake inaonekana. Lakini kipindi hakimcheki kwa kuwa mwanaume aliyeshika mtoto. Kinamchukulia kama mtu aliyechukua kazi ngumu na anajifunza. Kwa mwaka 2011, kwenye runinga ya biashara, saa ambazo familia nzima imekaa sebuleni, naona huo ni ujasiri.

Tukumbuke nchi kilikotengenezwa. Marekani haina likizo ya uzazi yenye malipo kwa sheria ya taifa zima. Sheria yao ya mwaka 1993 inampa mfanyakazi wiki 12 bila mshahara, tena akiwa kwenye sehemu ya kazi yenye wafanyakazi 50 au zaidi na awe amekaa kazini mwaka mzima. Hapa Tanzania sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 zenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na anaporudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku. Niliisoma sheria hiyo upya nikiwa kwenye ile stoo. Nilijisikia mwenye bahati, na papo hapo nilijiuliza ni wangapi kati yetu wanazipata hizo saa mbili. Foleni ya kutoka Posta hadi Kimara inazimeza kabla hujafika Manzese.

Na baba? Siku 3. Zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Kenya wanatoa wiki mbili.

Siku 3 zinatosha kuhangaikia usafiri, kwenda hospitali, kurudi, kupokea wageni na kununua kuku wa supu ya mzazi. Hazitoshi kumjua mtoto. Mume wangu alirudi kazini wakati mimi bado siwezi kukaa vizuri, na nilimwona mlangoni akivaa viatu taratibu kuliko siku zote. Hatujawahi kuliongelea hilo mpaka tulipokuwa tunamwangalia Chris akimbembeleza Amy, ndipo akasema alikuwa anatamani mtu amkataze kwenda. Tumeoana miaka mingi. Sikuwahi kujua.

Kipindi kilichotoa sentensi hiyo kinywani mwa mume wangu, kwangu mimi, kimefanya kazi yake. Ndiyo maana habari ya kilivyotendewa baadaye imeniuma.

## Kazi ya Reagan iligeuzwa

Toleo la kwanza la kipindi, lile lililopigwa picha kabla ya kuonyeshwa, lilimweka Reagan kwenye kampuni ya uhusiano wa umma. Ava alikuwa bosi wake tu. Mei 2011 filamu ya Bridesmaids ikatoka, Maya Rudolph alikuwa mmoja wa nyota wake, ikapendwa mno. Wakubwa wakaona wana lulu mkononi. Kazi ya Reagan ikageuzwa: sasa ni mwandaaji wa kipindi cha mahojiano cha runinga, na mwendeshaji wa kipindi hicho ni Ava, nyota mwenye makuu, asiye na mtoto, anayemhitaji Reagan saa zote.

Hapo nilisita, na bado nasita. Upande mmoja, Rudolph ni kipaji kikubwa. Anaingia chumbani na unatamani asitoke. Na rafiki asiye na mtoto ni mhusika wa kweli kabisa. Wengi wetu tunaye mmoja ambaye tulipojifungua tulimpoteza nusu, na ambaye naye alitupoteza sisi, wala hakuna aliyemsikiliza alipohuzunika. Ava alipofikiriwa hivyo alikuwa na uzito.

Upande wa pili, kila alipopewa nafasi zaidi, ile nyumba yenye mtoto ilipungua. Kipindi kikawa viwili. Kimoja kinatokea sebuleni kwa watu waliochoka, kingine kinatokea studio kwa watu wenye kelele. Nadhani wenye kituo waliogopa sebule. Waliogopa kwamba uchovu hauna kisa. Na kweli hauna, kwa maana ile ya kisa chenye mwanzo na mwisho. Mzazi mpya anafanya jambo lilelile leo, kesho na keshokutwa, na mabadiliko yanakuja kichinichini hadi siku moja unakuta mtoto ameshika kijiko. Kulionyesha hilo kunataka subira ambayo runinga ya matangazo haina.

Sehemu 24 za msimu wa kwanza zilipita hivyo, zikivutwa huku na huku, na bado nyingi ni nzuri.

## Walipobadilishana viti

Msimu wa pili ulianza Septemba 2012. Kipindi cha Ava, kile cha ndani ya hadithi, kinafutwa. Reagan anakosa kazi na kubaki nyumbani. Chris anatoka, anaanzisha biashara ya ufundi wa nyumba pamoja na kaka yake Reagan.

Niliposikia mpangilio huo nilidhani ni wazo zuri. Mke na mume wabadilishane, kila mmoja aonje ya mwenzake. Lakini kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyohisi sakafu imeondolewa. Swali lililokuwa likimsukuma Reagan tangu mwanzo ni hili: naweza kuipenda kazi yangu na kumpenda mtoto huyu bila mmoja kumwibia mwingine? Msimu wa pili haukulijibu. Uliifuta kazi, na swali likafutika nayo. Na ulipomrudisha mama nyumbani na baba nje ya nyumba, ulirudi kule ambako vichekesho vingine vyote vilikuwa vimeketi tayari.

Sisemi mama kubaki nyumbani si hadithi. Dada yangu mkubwa amebaki nyumbani na watoto wanne na maisha yake yangejaza misimu kumi. Nasema Reagan hakuchagua. Waandishi walimchagulia kwa kumnyang'anya.

## Ukumbi wenye vicheko

Kisha likaja jambo ambalo nililisoma mara mbili nikidhani nimelielewa vibaya.

Oktoba 2012, msimu wa pili ukiwa bado unaonyeshwa, NBC ilitangaza kwamba baada ya sehemu 11 utengenezaji utasimama kwa muda, seti zijengwe upya, na kipindi kirudi mwaka 2013 kikiwa kinapigwa na kamera kadhaa mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini. Sehemu tano zingeandaliwa kwa mtindo huo. Waigizaji walewale, nyumba ileile, mtoto yuleyule, ila sasa kuna watu mia wanacheka.

Kwa asiyefuatilia mambo haya, tofauti inaweza kuonekana ndogo. Hebu fikiri. Kinachopigwa na kamera moja, kama kilivyokuwa hiki hadi hapo, hakina kicheko cha mtu mwingine. Mwigizaji anaweza kunong'ona. Anaweza kukaa kimya sekunde nane akimwangalia mtoto, na mimi niliye nyumbani ndiye ninayeamua kama hapo pa kucheka au pa kulia. Cha ukumbini kinaandikwa ili kicheko kije kila baada ya sentensi mbili tatu, mwigizaji anapaza sauti, anasubiri watu wamalize, anaendelea. Ni sanaa yenye heshima yake. Applegate mwenyewe alikulia humo, tangu enzi za Married... with Children. Lakini chumba alicholala mtoto ni mahali ambapo watu wazima wanaongea kwa ishara. Ukileta kicheko cha watu mia pale, unamwamsha.

Emily Spivey aliondoka Januari 2013. Februari Applegate naye akaondoka, akieleza kwamba kipindi kimechukua mwelekeo tofauti. Bado kuna waliojaribu kukiokoa bila yeye, kipindi cha mama mpya bila mama. Hakikufika popote. Mei 2013 kifo cha kipindi kikawa rasmi. Sehemu ya mwisho kuonekana hewani ilikuwa ya Desemba 2012.

Mwanamke aliandika jinsi ilivyo vigumu kuishika kazi baada ya kuzaa, na kazi hiyo yenyewe ikabadilishwa mikononi mwake hadi hakuweza kuikaa tena. Nimejitahidi kuona jambo hili kama biashara tu, namba za watazamaji zilishuka, kituo kikajaribu dawa iliyokuwa karibu. Biashara imo. Lakini siwezi kuacha kuona kwamba kila marekebisho waliyofanya yalikwenda mbali zaidi na kile Spivey alichokijua kwa mwili wake.

## Huyo mtoto anashikwa na nani?

Jioni moja nilikuwa natazama jikoni huku nachambua mchicha. Dada anayetusaidia kazi za nyumbani akasimama nyuma yangu, akaangalia kidogo, akauliza, "Mama, sasa huyo mtoto wao anashikwa na nani?"

Nikamjibu, "Na baba yake."

Akangoja, kama mtu anayesubiri nimalizie. Halafu akaendelea na ugali wake.

Swali hilo ndilo lililonizuia kuandika makala hii mapema. Kwa wiki nzima nilikuwa najiona Reagan. Kumbe nyumbani kwangu kuna mtu wa tatu, na bila yeye hakuna ripoti, hakuna ofisi, hakuna stoo ya kukamulia. Anaamka kabla yangu. Mtoto wangu alimtabasamia yeye kwanza. Na yeye ana mtoto wake wa kike, yuko kijijini kwa bibi, anampigia simu Jumapili.

Kwa hiyo ninaposema nimesawazisha kazi na familia, kuna mizani nyingine kijijini ambayo imeinama ili yangu isimame. Up All Night haina mizani hiyo, na hapo mwanzo niliiona kama kasoro: watu wenye pesa kiasi hiki, nyumba kubwa hii, na shida yao ni usingizi? Baadaye nikabadili mawazo. Kipindi kile kilikuwa kinasema kitu kisichosemwa nyumbani kwangu, kwamba kazi hii ina uzito wa kutosha kumfanya mwanasheria aache ofisi. Sisi kazi hiyohiyo tunaita "kusaidia", tunailipa mshahara mdogo kuliko zote, na tunamkabidhi msichana aliyeacha wa kwake.

Nimeongea na mume wangu. Tumeongeza mshahara wa dada, na tumekubaliana awe na likizo ya kweli, yenye malipo, wakati mwanawe amefunga shule, si ile ya "nenda kidogo urudi haraka". Likizo hiyo ikifika mume wangu atachukua likizo yake ya mwaka abaki na mtoto. Ameshaomba. Ofisini kwao wamemuuliza kama mke wake anaumwa.

## Ukikitafuta

Anza na msimu wa kwanza, na uutazame wote, hata pale studio ya Ava inapopiga kelele kupita kiasi. Msimu wa pili utazame ukiwa na subira. Applegate na Arnett bado wanapendana vizuri mbele ya kamera, na hilo peke yake linatosha kukufikisha sehemu ya 11. Usitafute mwisho. Hakuna.

Nami nina ombi kwa waandishi wa tamthilia wa huku, wa Dar, wa Nairobi, wa Mombasa. Tumechoka na wasichana wa kazi wanaotia sumu kwenye chakula na kuiba waume. Tuandikieni nyumba yenye mtoto wa miezi minne. Ndani yake awemo baba mwenye siku 3, mama mwenye saa mbili alizopewa na sheria ambazo hazifiki Manzese, mama mkwe aliyekuja kwa mwezi mmoja na hajasema anaondoka lini, na dada mwenye jina, mwenye mtoto, mwenye sehemu zake mwenyewe ambazo kamera inamfuata yeye hadi kijijini. Na kituo kitakachokinunua kimwache aliyekiandika akiandike hadi mtoto huyo aanze kutembea.